Siku nilipoacha kuilaumu hamira

Kwa miezi miwili mfululizo mikate yangu ya boflo, ninayoioka hapa Shangani, Mtwara, iliumuka vizuri kwenye makopo kisha ikanywea tanurini, nami niliilaumu hamira, nikalilaumu joto la Januari, na mwishowe nikamlaumu kijana anayenikandia. Jambo ambalo sikulilaumu ni unga mpya niliokuwa nimeanza kuununua kwa bei nafuu, kwa sababu kiasi cha protini kilichoandikwa kwenye gunia kilikuwa kilekile cha unga wa zamani, asilimia 11.

Shemeji yangu, aliyesomea kilimo Morogoro, aliniambia nilete mabakuli mawili. Tulipima gramu 100 za kila unga, tukakanda kwa maji kidogo, tukayaacha madonge yapumzike nusu saa, kisha tukayaosha huku tukiyaminya taratibu mpaka maji meupe ya wanga yakaisha. Kilichobaki mkononi ni gluteni, yaani protini ya ngano iliyoshiba maji, kitu cha kijivu chenye kunata. Donge moja lilikuwa na gramu 29, la pili 28. Hata hivyo, la unga wa zamani nilipolivuta lilirudi kama mpira, ilhali la unga mpya lilirefuka, likaning'inia, likakatika kama ubani uliotafunwa kutwa nzima.

“Shemeji, hapo ni mbegu inayosema,” aliniambia.

Alinieleza kwamba gluteni ina protini za aina mbili: gliadini ndizo hulifanya donge livutike, na glutenini ndizo hulipa nguvu ya kurudi. Ngano ya mkate ina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 42 katika seti tatu, A, B na D, na jeni za glutenini kubwa zimo kwenye kromosomu ya kwanza ya kila seti. Katika seti D mbegu nyingine hurithi jozi ya protini iitwayo 5+10 na nyingine 2+12. Protini namba 5 ina sisteini moja ya ziada, kijenzi cha protini chenye salfa, ambayo hufunga minyororo ya protini kwa viungo vya salfa, na donge huwa imara zaidi. Peter Payne na wenzake wa Cambridge, Uingereza, ndio waliohusisha jozi hizo na ubora wa mkate. Kilichonifurahisha mno ni kwamba mtafiti huikata punje moja vipande viwili, akapima protini za kipande kisicho na kiini, yaani sehemu inayochipua, na akiridhika nazo hukipanda kile chenye kiini.

Kwa kuwa huku Mtwara ngano hailimwi, na gunia hutufikia likiwa na ngano za mashamba mengi zilizochanganywa, bila jina la mbegu, sasa ninaomba kilo moja ya kujaribia kabla ya kununua. Unga dhaifu niliobaki nao niliuchanganya na ule imara, sehemu moja kwa mbili, na mikate ikasimama. Uliosalia ulitengeneza biskuti nzuri ajabu.

Kijana nilimwomba radhi. Kazi ya kuosha madonge sasa ni yake, na wiki iliyopita alikataa magunia manne kabla sijayalipia.