Kilo Zilezile

Mdogo wangu alipotangaza kwamba anaolewa Desemba 2019, shangazi, ambaye alishajipa uenyekiti wa mambo yote ya sare za ukoo, alinipigia simu. Hakuanza na harusi. "Bado unakwenda kule kwa wabeba zege?"

Nilikuwa bado nakwenda, tena kwa mapenzi. Kwa wabeba zege ni uani mwa nyumba moja Mabibo, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Vyuma vya maana kule vilikuwa vichache. Vingi vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, kila pacha limeunganishwa na bomba la chuma katikati. Kopo la lita 4 likijaa zege na kukauka linafika kilo 9 na ushei, kwa hiyo pacha moja pamoja na bomba lake lilikuwa mzigo wa kama kilo 20. Makopo ya lita 20 yalikuwepo pia, lakini hayo waliyagusa vijana wa kubeba viroba sokoni Mabibo tu, na wao wenyewe waliyagusa kwa adabu.

Sikuwa nimekwenda kule kupungua. Kupungua nilishapungua. Baada ya mtoto wa pili nilikuwa nimefika kilo 74, nikazishusha polepole kwa kushuka daladala mbali na nyumbani na kuachana na chipsi mayai za saa nne usiku, mpaka nikafika 61. Hapo majirani wakaanza kuuliza kama mambo ya nyumbani ni shwari. Mimi kwenye kioo nilikuwa sioni huko kwisha wanakokusema. Tumbo lilikuwa laini vilevile, na mikono kule nyuma juu ya kiwiko ilikuwa imejaa nyama uzembe inayoendelea kutikisika wakati mimi nimeshatulia. Nikaona dawa ni kushuka tena, nifike 55.

Aliyenizuia ni muuguzi wa kliniki nilikompeleka mtoto chanjo. Nilimuuliza kwa kujiibia, maana foleni ilikuwa ndefu. Akanisimamisha ukutani, sentimita 164, akapiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, kwenye simu yake na kunionyesha jibu: 22.7. Mtu mzima anatakiwa awe kati ya 18.5 na 24.9. Kwa urefu wangu, akasema, chochote kuanzia kilo 50 mpaka 67 ni uzito wa afya. "Hapa hakuna cha kupunguza, mama. Ukiendelea kujinyima utapunguza na misuli. Wewe nenda kakaze mwili." Kisha akaita mtoto anayefuata.

Kocha wa Mabibo alikuwa bondia mstaafu wa enzi za akina Rashid Matumla, ila yeye hakufika huko. Alipigana mapambano ya utangulizi, yale ambayo watu huyatazama huku wakitafuta viti. Siku nilipomfuata aliniuliza kama nataka kupungua. Nikamwambia hapana, nataka kukaza, kilo ninazo 61 na ninazitaka zote.

Akacheka. "Huo ndio uzito wangu wa kazi. Uzani mwepesi, paundi 135, mwisho wake kilo 61 na pointi mbili. Tunapanda mzani wawili, wote sitini na moja. Kesho yake ulingoni mmoja ngumi yake inavunja mbavu, ya mwenzake inapapasa. Mzani uliwaona sawa."

Nadhani chuki yake na mzani ilitoka huko. Aliwahi kuona wenzake wakikimbia juani ndani ya nailoni, wakitema mate kwenye chupa, ili tu wafikie uzito jioni ya kupima, halafu kesho wanapanda ulingoni miguu inatetemeka. Kwake yeye, kupunguza kilo lilikuwa jambo rahisi na la kijinga. Kazi ilikuwa ni kuzijaza kilo ulizonazo kitu cha maana.

Cha kwanza alichofanya ni kunipunguzia mbio. Nilikuwa nakimbia kila alfajiri. Akasema mara mbili kwa wiki inatosha, nguvu iliyobaki niilete kwake. Tizi lake lilikuwa fupi na halikuwa na mbwembwe. Kuchuchumaa na bomba mabegani. Kuliinua pacha kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Kuinama na kulivuta mpaka tumboni. Pushapu, kwanza za kuegemea ukuta, baadaye benchi, baadaye kabisa chini. Mwisho ndoo mbili za mchanga, moja kila mkono, unatembea nazo uani kwenda na kurudi huku kuku wakikupisha. Leo unafanya, kesho unapumzika. Siku ya pili baada ya tizi la kwanza nilishindwa kukaa chooni bila kushika ukuta, nikampigia simu nikidhani nimevunjika. "Umeamka," akasema, akakata.

Siri yake, kama ni siri, ilikuwa kuongeza. Ukiweza kufanya kitu mara kumi na mbili huku unapiga soga, hakikufai tena. Anakuja kimya kimya, anakunyang'anya pacha lako na kukuletea kubwa zaidi. Wanawake wengine waliokuja pale walitaka kufanya mazoezi ya tumbo tu, mamia kwa mamia, wakidhani mafuta ya tumbo yataondoka kwa tumbo kufanya kazi. Kocha aliwaacha wafanye wachoke. Mwili unatoa mafuta pale unapotaka wenyewe, hauchagui kiungo kinachotoka jasho. Nilimwona dada mmoja akiinuka kwenye mkeka, amekata tamaa, akaja mwenyewe kuuliza makopo yako wapi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni chakula. Nilitegemea kunyimwa, nikaamriwa kula. Mtu asiyetaka kupungua lakini anataka misuli, alisema, hana ruhusa ya kulala njaa. Baadaye nilisoma kwamba wanaonyanyua vyuma hushauriwa kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwangu mimi hiyo ni kama gramu 98. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo kwa mayai pekee ningehitaji trei nyumbani kila siku ya pili. Kocha hakujua gramu. Alijua dagaa. Dagaa wa Mwanza waliokaangwa na nyanya, maharage kila siku, maziwa mgando, mayai mawili asubuhi, na ugali usifukuzwe mezani kwa sababu ndio unaobeba chuma. Mume wangu alifurahi kuliko mtu yeyote, maana mlo wa jioni ulirudi nyumbani kwetu.

Na mzani ukakaa palepale. Ulikuwa ukicheza kati ya 60 na 62, kisha unarudi 61. Mwanzoni hilo lilinisumbua, ingawa ndilo nililoomba. Nguvu nilizidi kuziona: mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao ukiwa umejaa pamoja na chuma chake unakaribia kilo 30, niliubeba mwenyewe kutoka dukani. Lakini nguvu za wiki za mwanzo si msuli mpya, ni ubongo unaojifunza kuamsha misuli uliyonayo. Msuli wenyewe unakuja pole pole, na hauji na kelele.

Sasa shangazi. Nilikuwa namcheka, lakini sikumlaumu. Alianza maisha ya ndoa Bukoba, na alikuwa huko miaka ile ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Alizika wifi zake wawili na jirani wa mlango kwa mlango, na wote, anasema, walianza kwa nguo kupwaya. Ukimwambia kwamba mtu anaweza kufanya mazoezi kwa hiari yake, anakusikiliza vizuri kabisa, halafu anakuuliza kama umepima. Mimi nilipima, nikampelekea karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaniambia, "Sawa mwanangu. Sasa kula."

Kitenge cha sare alikinunua yeye Kariakoo, cha bluu na dhahabu, akakipeleka mwenyewe kwa fundi wetu Sinza. Fundi yule ana daftari kubwa la kaunta ambalo ndani yake ukoo wetu mzima umeandikwa kwa inchi. Vipimo vyangu vilikuwemo, vya gauni la Pasaka ya mwaka ule, nilipokuwa ndiyo kwanza nimefika 61 na sijamjua kocha. Shangazi akaniuliza kwa simu kilo zangu. Nikamwambia zilezile. Akamwambia fundi akate kwa vipimo vilevile. Nani angebisha?

Jumamosi ya kujaribisha tulikwenda wote wawili. Kibanda cha fundi kina pazia moja na kioo kimoja kilichopasuka kona. Nikaingia, nikalivaa, nikaanza kuvuta zipu ya mgongoni. Kiunoni ilipanda yenyewe. Kati ya mabega ikagoma. Nikashusha pumzi, nikavuta tena, nikasikia uzi mmoja ukisema "tii" kwapani, nikaacha.

Nilipotoka, shangazi aliona kitu kimoja tu. Alishika kitambaa kilichobaki kiunoni, kiganja kizima, akakigeuza kumwonyesha fundi kama ushahidi mahakamani. "Unaona? Nilisema. Mtoto anakwisha."

Fundi hakujibu. Alizunguka nyuma yangu, akanipapasa mgongoni kwa vidole viwili pale kitambaa kilipokaza, akarudi mbele, akatazama kiuno. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameambiwa kazi yake mbovu na hajakubali. Akavuta tepi shingoni. "Simama sawa, dada. Usivute pumzi."

Akapima na kutaja kwa sauti, huku kijana wake akisoma vya zamani kwenye daftari. Kiuno kilikuwa 31, sasa 29. Nyonga 41, sasa 40. Mgongo, bega kwa bega, ulikuwa 14 na nusu, sasa 15. Mkono juu ya kiwiko, pale penye nyama uzembe yangu, 12, na sasa ilikuwa 12 vilevile. Fundi akaurudia mkono mara ya pili, safari hii akaubonyeza. Akaniangalia. "Huu ni mgumu," akasema. "Ule ulikuwa laini. Nakumbuka kwa sababu mkono wa lesi ulikukaa vibaya."

"Amepungua," shangazi akasisitiza.

"Mama, angekuwa amepungua gauni lingepwaya lote. Hili limekaza mgongoni." Akamgeukia kijana. "Futa. Andika upya."

Nilijaribu kumweleza shangazi palepale, nikiwa bado nimeshikilia zipu. Kwamba msuli ni mzito kuliko mafuta kwa ukubwa uleule: sentimita moja ya ujazo ya msuli ina kama gramu 1.06, ya mafuta 0.9. Kwamba nikitoa kilo mbili za mafuta na kuweka kilo mbili za msuli, mzani hautaona kitu, lakini mkanda utaona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mgongo huo wa inchi 15 utapungua kabla ya harusi, maana picha zitapigwa na upande wa nyuma.

Fundi alikuwa ameacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kama wafanyavyo mafundi waliozoea ukoo unaonenepa. Alifumua mgongoni akatoa nusu inchi, akakaza kiunoni pande zote mbili, na akadai elfu nane ya marekebisho. Shangazi akasema elfu nane ni wizi, vipimo viliharibika daftarini mwake. Fundi akasema vipimo viliharibika Mabibo. Wakaelewana elfu tano, na mimi ndiye niliyetoa.

Siku ya harusi gauni lilinikaa hivi kwamba nilitembea kwenda kuchukua chakula kwa njia ndefu makusudi, nikipita mbele ya meza ya upande wa bwana harusi. Asubuhi ile nilikuwa nimepanda mzani wa jirani: 61 na pointi tatu, nimevaa khanga. Kocha hangenipitisha.

Jioni wageni wa Bukoba walikuwa wamekaa na shangazi meza moja. Aliniita, akanishika mkono wa juu pale fundi alipobonyeza, akabonyeza naye, kwa nguvu, mara mbili, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Uso wake ukafunguka. "Mnamwona huyu?" akawaambia. "Alikuwa amekwisha. Nimempigia kelele mwaka mzima. Sasa tazameni, mwili umerudi."

Mmoja wa wale mabibi akanitazama kuanzia juu hadi chini, akaridhika. "Ameongeza kilo ngapi?"

"Kama sita," shangazi akajibu kabla sijafungua mdomo, akanisogezea sahani ya ndizi.