Yai lenye jogoo na kanga yangu: nilivyoelewa neva za kiinitete zinavyogawana kazi

"Dada, somo hili ni la kukariri. Meza jedwali, usijisumbue." Ushauri huo nilipewa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu, akanipa na karatasi yenyewe, aina za seli za neva: V0, V1, V2, neuroni za mwendo (zinazoendesha misuli), V3, na mbele ya kila moja majina ya protini. Nikameza wiki mbili nzima. Mtihani ukaja na swali moja: eleza kwa nini neuroni za mwendo huzaliwa upande wa tumboni wa mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, si upande wa mgongoni. Jedwali langu halikuwa na "kwa nini" hata moja. Nikatakiwa kurudia mtihani, na ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana kila mwaka wageni wanapewa uleule.

Likizo nikarudi Tanga nimeazimia kuona kwa macho yangu. Mengi tunayojua kuhusu jambo hili yametoka kwenye kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, kwa kuwa hukua nje ya mama na ganda lake hufunguka. Nikatengeneza boksi la balbu, bakuli la maji na kipimajoto, likatulia kwenye nyuzi 38 hivi. Mayai dazeni nikachukua dukani.

Siku ya tatu nikaanza kuyavunja. La kwanza kiini cha njano, hakuna kitu. La pili vilevile. Nikabadilisha balbu, nikanunua mengine, nikasubiri tena siku tatu, njano tupu. Nilikuwa karibu kulia jikoni bibi alipoingia.

"Mjukuu wangu, haya mayai ya wapi?"

"Ya dukani, bibi."

"Ya kuku wa kisasa? Wale hutaga bila jogoo. Nenda kwa jirani, kwake jogoo yupo."

Vitabu vyote nilivyosoma vilisema "chukua yai", basi.

Ya jirani yalikuwa na uhai, lakini nililofungua kwanza nililiua: mkasi ulipita juu, na kiinitete huelea juu kabisa, kimegusana na ganda. Damu ikatapakaa. Hapa ndipo ujanja wenyewe ulipo, nao ndio ninaojivunia. Laza yai ubavu tangu mwanzo, weka alama ya penseli upande wa juu. Ukitaka kufungua, toboa upande butu, ingiza sindano kuelekea chini uvute ute mililita mbili au tatu. Kiini kitashuka na kuachana na ganda. Bandika selotepu juu ili vipande visidondokee ndani, ndipo ukate dirisha kama la sarafu. Usiguse kiini kwa sindano.

Bado huoni kitu, kwa sababu kiinitete ni kama maji. Nikapunguza wino mweusi wa kuchorea kwa maji ya dripu, nikauchoma taratibu chini yake. Kikajitokeza, cheupe juu ya giza! Lilikuwa yai la saa 40 hivi. Moyo wake unadunda. Katikati mrija wa neva, kila upande vipingili (vinavyokuja kuwa pingili za mgongo na misuli) vimejipanga kama shanga, na huku mkiani mrija ulikuwa haujafunga, kingo mbili zimeachana kama midomo. Nilikaa na kioo cha kukuzia mpaka shingo ikauma.

Jioni ile ilikuwa Alhamisi, bibi amewasha ubani, na kanga yangu iko mkekani. Nikaiangalia, nikaona somo zima. Mji wa kanga ndio bamba la neva, tabaka bapa la seli kabla halijakunjika. Nyanyua pindo mbili ndefu zikutane juu: umepata mrija, na pale pindo zinapokutana ndipo zinapotoka seli za ukingo wa neva, zinazohama kwenda kutengeneza neva za hisi, hata seli za rangi ya ngozi. Kisha sogeza chetezo chini ya mrija. Hicho ndicho notokodi, kijiti laini kinachopita chini ya mrija, na moshi wake ni protini iitwayo Sonic hedgehog. (Hedgehog ni kalunguyeye, jina lilianzia kwa lava wa inzi aliyeota miibamiiba.)

Kitambaa cha chini kinapata moshi mwingi, cha juu kidogo, na kutoka juu nako kunashuka ishara nyingine, BMP na Wnt. Kiasi anachopata kila mmoja ndicho huamua seli iwe ya aina gani: ukipanda kutoka chini unakuta sakafu ya mrija, halafu V3, neuroni za mwendo, V2, V1, V0. Muda nao una neno lake, kama nguo inayofukizwa udi: seli iliyokaa kwenye moshi kitambo haifanani na iliyopitiwa tu. Na moshi hauna mpaka, lakini seli zina mpaka, kwa sababu protini zinazoamua seli iwe nini huzimana: Nkx2.2 ikiwaka humzima Pax6, Pax6 naye humzima Nkx2.2. Seli haiwezi kukaa katikati.

Ushahidi? Mwaka 1991 kundi la mtafiti wa neva Thomas Jessell huko New York lilionyesha kwamba ukipandikiza notokodi ya pili kando ya mrija wa kifaranga, neuroni za mwendo huzaliwa pale pasipo pake. Ukiiondoa mapema, hazitokei. Laiti mtu angenisimulia hilo kabla ya jedwali.

Kina dada mnaosoma hapa, mrija wa binadamu hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, wengi hata hatujajua kama tuna mimba. Usipofunga sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya kushika mimba. Msingoje kliniki.

Niliporudia mtihani nilichora kanga iliyokunjwa, chetezo chini yake, nikaeleza kurasa mbili bila kusita, nikafaulu. Sasa jioni nawafundisha wa mwaka wa kwanza kwa kanga ileile, imejaa alama za kalamu kutoka sakafu hadi pindo. Anayetaka kuona kiinitete aje na mayai yake, na aulize kwanza kama jogoo yupo.