Siku yangu na mawingu ya Kibo

Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya kwenda Uru, begi la kamera mgongoni na tripodi nimeipakata. Sisi tunaoishi Moshi tunajua kwamba mlima Kilimanjaro huonekana vizuri asubuhi mapema, na mara nyingi ikifika saa tatu au saa nne mawingu yanayopanda kutoka msituni huwa yameshaufunika. Mteja wangu, mwenye nyumba ya wageni, alitaka picha kubwa ya ukutani ambayo mawingu yake yamevutika angani kama michirizi ya brashi.

Mzee mwenye shamba nililozoea kusimama alinikuta nafunga mfuko wa mawe chini ya tripodi ili upepo usiitikise.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mlima umeshaupiga mara ngapi? Si uko palepale?"

Nilimjibu kwamba leo nimefuata mawingu. Akacheka, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Saa kumi na mbili na nusu, jua lilipochomoza, nililenga fokasi kwa mkono kwenye ukingo wa Kibo, kilele kikuu cha mlima, kabla ya kufunga filta nyeusi, kwa kuwa ikishafungwa hata kamera yenyewe huangalia giza. Kwa tundu la lenzi la f/11 na usikivu wa ISO 100, bila filta kamera ilitaka 1/15 ya sekunde. Filta ya stopu 10 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) hupunguza mwanga takriban mara 1,000, hivyo shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, ilipaswa kukaa wazi kwa sekunde 66 hivi. Kufika sekunde ya arobaini, wingu zito lilitoka upande wa kilele jirani cha Mawenzi likaketi juu ya Kibo, na picha ikatoka na kilele kilichofifia kama kanga iliyofuliwa mno. Hapo ndipo mbinu ya shata moja ndefu inapomwangusha mpiga picha wa huku: ukishaifungua, huna namna ya kuitoa sehemu iliyoharibika.

Nikabadili, nikafunga filta ya stopu 6, na kwa kuwa mwanga ulikuwa umeongezeka na bila filta kamera sasa ilitaka 1/30 ya sekunde, kila fremu ilihitaji sekunde 2. Niliiamuru kamera ipige fremu moja kila baada ya sekunde 3, jumla fremu 240 kwa dakika 12, kisha nikakaa juu ya jiwe bila kugusa kitu.

Saa tatu mlima ukajifunika. Kuanzia saa nne hadi saa nane nilikuwa studio mjini nikipiga picha za pasipoti, kazi inayolipa kodi ya chumba na isiyo na hadithi.

Saa tisa alasiri nilifungua kompyuta. Nilipozipitia fremu moja moja, niliona kwamba Kibo ilikuwa wazi hadi ya 150, kwa hiyo nikakata hapo. Sikuchomoa fremu za katikati, maana pengo moja tu huonekana kwenye mchirizi. Nilizipandanisha na kuiambia programu itafute wastani wa kila nukta, na matokeo yakawa sawa na kufungua shata kwa dakika 5, huku chenga za gizani, yaani vidoadoa vya sehemu zenye giza, zikipungua takriban mara 12, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Nilijaribu pia njia ya kuchukua nukta angavu zaidi. Mawingu yalitoka na vipande vilivyopangana kama ukindu uliosukwa, nami binafsi niliupenda mwonekano huo, lakini yalikuwa yamemeza miamba yote ya Kibo.

Umeme ulikatika kwa saa nzima. Uliporudi, nilihangaika na migomba ya mbele, ambayo kwa kutikiswa na upepo ilikuwa imegeuka moshi wa kijani. Dawa yake ilikuwa kuchukua fremu moja ambayo majani yalitulia na kuiweka sehemu hiyo tu juu ya wastani, nikifuata ukingo wa kila jani kwa brashi ndogo.

Saa mbili usiku nilituma picha kwa mteja. Zile fremu 90 za mwisho sikuzifuta. Mlima haumo, ila mwendo wa mawingu ndani yake ni mzuri kuliko ule niliouuza.