Kumbukumbu ya mradi wangu: kupiga picha za biri kwa karibu kwa kamera ndogo

Wiki ya 1

Nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa muda mrefu, nayo ni kupiga picha za biri 24 nilizozihifadhi, kwa karibu kiasi cha mtazamaji kuliona jani lenyewe na si umbo la biri peke yake. Biri ni majani matupu ya tumbaku. Ndani mna majani yaliyokunjwa kwa urefu, juu yake kuna jani la kufungia linaloyashika pamoja, na nje kabisa kuna jani la kuvikia, ambalo huchaguliwa kwa wembamba wake, usawa wa rangi yake na udogo wa mishipa yake. Jani hilo la nje ndilo ninalolitaka kwenye picha. Kila biri nimeipa namba, na kila namba itakuwa na picha tatu: mwili mzima, pete ya karatasi, na mguu, yaani ile ncha iliyo wazi inayowashwa.

Kamera ni ya mfukoni, ya megapikseli 16, ambayo lenzi yake haibadilishwi wala fokasi yake haiwekwi kwa mkono. Ina alama ya ua kwa ajili ya picha za karibu, ina taima, na inaniruhusu kuchagua ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kurekebisha mizani ya weupe na kuongeza au kupunguza mwangaza. Nimeona kwamba hivyo vinatosha, na sitanunua kifaa kingine mpaka namba 24 ikamilike.

Picha 30 za kwanza nimezifuta zote. Niliwasha alama ya ua, nikaisogeza lenzi hadi sentimita 5 kutoka kwenye biri, nikaiacha flashi ifanye kazi. Flashi ilichora mstari mweupe kutoka kichwani hadi mguuni, ikaigeuza dhahabu ya pete kuwa doa tupu, na kivuli cha lenzi yenyewe kikafunika theluthi nzima ya picha. Lililonisumbua zaidi ni umbo, kwa kuwa ncha iliyokuwa karibu ilivimba kama mdomo wa tarumbeta na ile ya mbali ikasinyaa, ilhali biri ile ni nyoofu mwanzo hadi mwisho.

Wiki ya 2

Umbo huharibiwa na ukaribu. Biri ya aina ya robusto kwa kawaida ina urefu wa inchi 5, yaani milimita 127. Ukiilaza kwa mshazari mbele ya kamera iliyo sentimita 5 tu kutoka kwenye ncha ya kwanza, ncha ya pili inakuwa mbali karibu mara tatu kuliko ya kwanza, na lenzi haina budi kuichora ndogo kwa kiasi hichohicho. Nikirudi nyuma hadi sentimita 30, tofauti hiyo inapungua na kubaki kama theluthi moja tu, na jicho linaipokea bila kushtuka.

Kwa hiyo sasa ninarudi nyuma na kutumia zumu ya lenzi kwa kiasi, lakini ile ya kidijitali nimeizima kabisa, kwa sababu hiyo haisogezi chochote bali hukuza pikseli zilezile. Nilipima kwa rula nikaona kwamba kamera hii inafokasi kwa sentimita 5 pale tu ambapo zumu haijaguswa, na kwamba zumu ikifika katikati inadai takriban sentimita 30. Biri basi haijazi picha, nami ninaikata baadaye kwenye kompyuta. Picha nzima ina pikseli 4608 kwa 3456. Hata nikibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, zinabaki 2304 kwa 1728, na picha iliyochapishwa kwa inchi 6 kwa 4 inahitaji 1800 kwa 1200 tu ikiwa chapa ni ya nukta 300 kwa inchi. Hesabu hiyo imeniondolea hofu ya kukata.

Kamera imekaa juu ya kiweko kidogo cha miguu mitatu, ISO ni 100, na taima ni ya sekunde 2 ili mtetemo wa kidole uishe kabla picha haijachukuliwa. Shata, yaani kizibo kinachoruhusu mwanga kuingia, inakaa wazi hadi robo ya sekunde, muda ambao mkono wa mtu hauwezi kutulia.

Wiki ya 3

Wiki hii nzima nimeitumia kwenye mwanga, na ninaamini kwamba hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, kamera iwe ya namna gani. Meza iko kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Biri imelala juu ya kitambaa cha kijivu, imezuiwa isiviringike kwa njiti mbili za kiberiti zilizofichwa chini yake.

Nilijaribu pande tatu kwa kutumia namba 7, yenye jani la rangi ya kahawia yenye wekundu ambayo wenye kazi hii huiita colorado. Dirisha likiwa ubavuni, mviringo wa mwili ulionekana vizuri, lakini nusu ya pili ikazama gizani. Dirisha likiwa upande wa mguu, mwanga uliteleza juu ya jani kwa urefu wake na kila kijipele kikasimama, ila biri ikaonekana bapa kama ubao. Nikaizungusha meza taratibu, mpaka mwanga ukaja kwa mshazari kutoka mguuni na chini kidogo ya usawa wa jicho langu, kisha nikasimamisha kadi nyeupe upande wa pili, sentimita 10 kutoka kwenye biri, ili irudishe mwanga kidogo kivulini.

Hapo jani likajitokeza. Mshipa mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea, ulianzia chini ya pete, ukazunguka mwili kwa mshazari kufuata jinsi jani lilivyoviringishwa, ukapotea chini na kutokea tena karibu na mguu. Kando yake ulionekana ukingo wa jani lenyewe, pale mzunguko mmoja unapoulalia mwingine, ukiwa na kivuli kisichozidi unene wa unywele. Biri hiyo nimeishika mara nyingi mkononi na sikuwahi kuuona ukingo ule.

Siku za mawingu mazito ninatumia taa. Taa iliyo wazi huacha juu ya mwili wa biri mstari mwembamba unaochoma macho, kwa sababu kitu cha mviringo chenye mafuta huakisi umbo la chanzo cha mwanga wake. Nimetengeneza fremu ya kadibodi ya sentimita 30 kwa 40, nikaitandaza karatasi ya kuokea, nikaisimamisha kati ya taa na biri. Chanzo cha mwanga sasa ni karatasi nzima badala ya taa, na ule mstari mkali umekuwa utando mpana, laini, unaoonyesha mafuta ya jani bila kuificha rangi yake.

Wiki ya 5

Nimeiharibu namba 11. Taa niliyokuwa nikiitumia ni ya halojeni, nayo ilikaa sentimita 20 kutoka kwenye biri kwa muda wa dakika 25 hivi huku nikihangaika na kadi na vitambaa. Nilisikia mlio mdogo mkavu, na nilipoinama nikaona ufa wa urefu wa sentimita 2 kwenye jani la nje. Biri huhifadhiwa kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na joto la taa lilikausha jani la kuvikia likasinyaa kabla majani ya ndani hayajaanza kupungua, hata halikuwa na pa kwenda ila kupasuka. Imeniuma, kwa kuwa ni ya pekee katika mkusanyo wangu.

Tangu siku hiyo natumia taa ya LED, na biri haikai nje ya kasha zaidi ya dakika 10. Mwanga, kadi na fokasi ninavipanga kwa kutumia kijiti chenye unene uleule nilichokizungushia karatasi ya kahawia. Kila kitu kikiwa tayari, ninabadilisha, ninapiga picha tano, ninairudisha. Vumbi ninaliondoa kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji hakifai, kwa maana huacha madoa juu ya jani.

Wiki ya 6

Rangi ndiyo inayotenganisha claro ya kahawia nyepesi na maduro iliyokolea, kwa hiyo picha inayodanganya rangi haina faida kwangu. Kamera ikiachiwa ichague mizani ya weupe, huona kahawia imejaa kila mahali, hudhani kuwa ni rangi ya mwanga, na hujaribu kuiondoa kwa kuongeza buluu, na jani likatoka kama majivu. Sasa ninaanza kila kikao kwa kuipimia kamera karatasi nyeupe chini ya mwanga uleule, na sichanganyi kamwe dirisha na taa. Nilivichanganya mara moja, na ubavu mmoja wa namba 3 ukawa wa kibuluu na mwingine wa rangi ya chungwa.

Pete imenifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Karatasi yake ina sehemu za dhahabu zilizoinuliwa, na dhahabu hiyo ni kioo: haionyeshi mwanga unaoiangukia, huonyesha kitu kilicho mbele yake. Nilikuwa nikiongeza mwanga na dhahabu ikizidi kuwa nyeusi, kwa sababu mbele yake palikuwa na kamera nyeusi na chumba chenye giza. Nikaiweka kadi nyeupe pale ambapo pete ilikuwa ikitazama, nikiitoboa tundu la lenzi katikati, na dhahabu ikawaka yote kwa mpigo mmoja. Miwani ya jua yenye kuchuja mng'ao niliijaribu pia mbele ya lenzi. Inapunguza mng'ao wa selofani na wa jani, lakini dhahabu haiigusi, na jani linalonyang'anywa mng'ao wake wote linaonekana kavu, kwa hiyo nimeiweka kando.

Wiki ya 8

Miguu imekamilika. Hapa fokasi inashika milimita chache tu, hivyo ninabonyeza kitufe nusu juu ya ukingo wa ncha, pale majani ya ndani yaliyokunjwa yanapoonekana kama kurasa za kitabu kilichoviringishwa, na kuhakikisha kwamba ncha imeikabili lenzi wima kabisa.

Rula niliyoilaza kando ya biri nayo ilinidanganya kwa muda. Unene wa biri huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo yenye namba 50 ina kipenyo kinachokaribia milimita 20, lakini kwenye picha zangu ilisomeka kubwa zaidi. Sababu ni kwamba rula ililala mezani, na sehemu pana ya biri iko milimita 10 juu ya meza, karibu zaidi na lenzi. Nimeiinua rula kwa milimita 10 juu ya kipande cha kadibodi na vipimo vimekubaliana.

Nilipoikuza picha ya namba 16 kwenye skrini niliona kitundu cha duara chenye kingo safi, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, karibu na kofia, yaani kipande cha jani kinachofunga kichwa cha biri. Hiyo ni kazi ya mdudu wa tumbaku, ambaye akikomaa huwa na milimita 2 hadi 3 tu. Nimeitenga mara moja, na wenzake wote nimewakagua kwa kamera.

Wiki ya 10

Nimemalizia na zile nyeusi, ambazo niliziogopa tangu mwanzo. Biri ya oscuro ikilazwa juu ya kitambaa cheusi, kamera hujitahidi kuufanya weusi wote uwe kijivu, na jani huonekana limepauka. Nikipunguza mwangaza kwa hatua moja, rangi inarudi lakini kingo zinazama kwenye kitambaa. Nilichofanya ni kubaki na hatua hiyo moja chini, kisha kuziweka kadi mbili nyeupe ndefu, moja kila ubavu, nje kidogo ya mpaka wa picha. Kila kadi ilichora mstari hafifu kwenye ukingo wa biri, na mwili ukatengana na giza.

Namba 11 ndiyo niliyoiacha mwisho. Nilikuwa nimepanga kuigeuza ili ufa uelekee chini usionekane. Nikaiweka kwa namna ile ya namba 7, mwanga ukija kwa mshazari kutoka mguuni, ufa ukiwa juu. Katika picha midomo ya jani la kuvikia imeinuka kidogo, na katikati yake linaonekana jani la kufungia, jepesi zaidi kwa rangi, na mshipa wake mmoja mnene ukikatiza chini ya lile la nje. Ndiyo picha pekee kati ya zote za mwili inayoonyesha majani mawili kwa pamoja, nami nimeiweka mahali pake, kati ya namba 10 na namba 12.