Kinanda cha Mtumba

Jumapili iliyopita umeme ulikatika katikati ya utenzi, kinanda kikanyamaza, na binti yangu akaninong'oneza: "Baba, vinanda vya zamani vilitumia betri gani?" Nilimjibu kwamba vilitumia upepo, na kwamba palikuwa na watu wa kukanyaga mivukuto. Baada ya hapo mahubiri yalinipita, kwa maana mawazo yalikwisha kunirudisha Övertorneå.

Ilikuwa Februari, kaskazini ya Uswidi, karibu na Mzingo wa Aktiki, Mto Torne umeganda na Ufini inaonekana ng'ambo. Mama mpiga kinanda wa kanisa la mbao la pale alinionyesha benchi akaniambia nipige chochote. Vidole vikiwa na ganzi, nilianza utenzi alionifundisha babu, na filimbi za kinanda zikaitika taratibu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Kisha mama yule akavuta kishikizo cha filimbi za ulimi, zile zenye kijibamba kinachotetemeka ndani, na sauti zikagombana vibaya hata nikaondoa mikono, nikidhani nimeharibu mali ya watu. Alicheka. Baridi, alinieleza, hushusha sauti ya filimbi za kawaida, ilhali zile za ulimi hubaki karibu pale pale. Tusubiri kanisa lipate joto. Hatukusubiri. Nilirudisha kidole kimoja na kukiacha palepale, nikiusikiliza ugomvi ule, na sijui ni kwa nini ulinipendeza kuliko utenzi wenyewe.

Kinanda hicho kilianza kujengwa 1608 kwa ajili ya Kanisa la Wajerumani mjini Stockholm. Mwaka 1779 kikauzwa kule kaskazini, kipande chake kimoja kikaenda kanisa jirani la Hietaniemi: kwa lugha yetu, mtumba. Kilikarabatiwa miaka ya 1990, na ilipofika 2004 kanisa lililokiuza likawa limejengewa nakala ya kile kile lilichokiuza.

Sikumwambia mama yule habari za kinanda chetu cha kukanyaga, walichotuachia wamisionari. Siku tuliponunua cha umeme, mimi ndiye niliyeshika upande mmoja kukipeleka stoo, nikifurahi kabisa, na mara ya mwisho nilipochungulia, panya walikuwa wameanza kuila mivukuto.

Binti yangu sasa anataka akione. Ufunguo wa stoo anao mzee wa kanisa, nami wiki nzima nimekuwa nikisahau kumpigia simu.