Lee-Enfield ya 1917 iliyokatwakatwa

Niliinunua huku Texas, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, Lee-Enfield aina ya SMLE Mk III ya 1917, risasi .303, na aliyekuwa nayo kabla alitaka kuigeuza ya kuwindia akachukua msumeno akakata mbao yote ya mbele, mtutu ukabaki uchi, kitako akakipaka vanishi nzito inang'aa kama kochi, yani roho iliniuma. Babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipigana Burma vita vya pili vya dunia, na Lee-Enfield ndo walizobeba, sikuweza kuiacha vile.

Nashukuru mtutu hakuugusa, inchi 25 zipo. Nikatafuta mbao ya zamani ya mbele, vanishi nikaitoa taratibu bila msasa maana msasa unafuta mihuri ya kiwandani, halafu mafuta ya kitani, kidogo kidogo wiki nzima. Na ukitaka kujaribu, toa kwanza mbao ya mbele ndo ufungue bolti ya kitako, ukianza na bolti ncha yake inazunguka ndani ya mbao inaipasua. Kilichonisumbua ni kuchonga pale mbao inapobana chuma, ikilegea kidogo tu risasi zinatawanyika, nimerudia mara nne.

Jumamosi nilipiga 10, yadi 100, zote zikaingia kwenye sahani.