Nukta Zilizoegemea Pembeni

Mwaka 2011, nikiwa na miezi michache tu katika maabara ya utafiti wa kinga ya mwili jijini Dar es Salaam, niliamini kwa siku mbili kwamba nimegundua jambo.

Kazi yetu ilikuwa kuzitambua seli nyeupe za damu kwa protini zilizo juu ya utando wake. Chini ya hadubini limfosaiti saidizi na zile zinazoua seli zilizoambukizwa hufanana kama pacha, hivyo tulitegemea kingamwili za monokloni, yaani protini ambazo kila aina hushika shabaha moja tu, ambazo Köhler na Milstein walionyesha mwaka 1975 namna ya kuzizalisha bila kikomo, kwa kuunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Kila kingamwili ilibebeshwa rangi inayong'aa ikimulikwa na leza. Ya CD4, protini inayozitambulisha limfosaiti saidizi, ilikuwa na rangi iitwayo PE. Ya CD8, protini ya zile zinazoua, ilikuwa na PE-Cy7, yaani rangi mbili zilizofungwa pamoja, ya kwanza ikipokea nishati ya mwanga na kuipokeza ya pili, ambayo ndiyo hung'aa.

Nilichukua mikrolita 100 za damu, nikatia kingamwili, nikasubiri dakika 20 gizani, nikapasua seli nyekundu, nikaosha, nikapitisha kwenye mashine inayopima mng'ao wa kila seli. Nilitarajia makundi mawili ya nukta yaliyoachana, kila nukta ikiwa seli moja. Badala yake, kundi zima la CD8 lilikuwa limeegemea kwa mshazari upande wa CD4, kana kwamba kila seli ilibeba protini zote mbili. Seli za namna hiyo ni za kawaida katika tezi ya thaimasi, zinakokomaa, lakini katika damu ya mtu mzima mwenye afya huwa chache mno. Nilirudia kwa damu ya mchangiaji wa pili, kisha wa tatu, na wote walikuwa nazo. Ajabu ni kwamba hilo lilinipa moyo badala ya kunitia shaka. Nilikuwa hata nimetumia marekebisho ya kutenganisha rangi zinazoingiliana yaliyofanywa wiki iliyotangulia, kosa ambalo leo simvumilii mwanafunzi yeyote. Usiku ule nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe ndefu.

Mtaalamu mkuu wa maabara, ambaye sote tulimwita Mama, aliutazama mchoro akiwa amesimama.

"Mwanangu, watu watatu wasiojuana, na wote wawe hivi? Hicho kichupa cha CD8 kilikaa wapi?"

Ndipo nilipokumbuka. Jumatatu nilikivua foili ili nisome namba ya kloni, nikakiacha mezani karibu na dirisha hadi baada ya chakula cha mchana.

"Basi weka CD8 peke yake," akasema.

Niliandaa mrija usio na hata tone la kingamwili ya CD4. Seli zilitokea ziking'aa kwa rangi ya PE vilevile. Mwanga ulikuwa umeiharibu ile rangi ya pili, na PE, ikikosa wa kumpokeza, iling'aa kwa rangi yake yenyewe. Kingamwili ilikuwa imeshika protini yake barabara. Rangi ndiyo iliyotaja jina la mwenzake.

Barua pepe ya pili kwa msimamizi ilikuwa na mistari mitatu. Kile kichupa Mama hakukitupa: alikibandika karatasi iliyoandikwa "cha kufundishia", akakirudisha kwenye jokofu, na kila mgeni aliyekuja baada yangu aliambiwa aanze nacho.